Vibubu vitano, kadi mbili: shajara ya kulipa deni, Leicester

5 Januari 2025
Kadi ya bluu: pauni 3,140. Kadi nyeusi: pauni 1,720. Jumla: pauni 4,860.

Ninaanza shajara hii kwa sababu ya barua iliyonifikia wiki moja kabla ya Krismasi. Kampuni ya kadi ya bluu inaniarifu kwamba katika miezi 18 iliyopita nimewalipa riba nyingi kuliko nilivyopunguza deni lenyewe. Tangu 2018 FCA, msimamizi wa mambo ya fedha hapa Uingereza, anazilazimisha kampuni zimwambie mteja anapofikia hali hiyo. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini, kisha nikakaa kwenye ngazi nikaisoma tena.

Jana usiku nilipiga hesabu. Kadi ya bluu inatoza asilimia 24.9 kwa mwaka, nyeusi asilimia 34.9. Karibu kila mwezi nimekuwa nalipa kiwango cha chini, ambacho kwa ile ya bluu ni kama pauni 90. Katika hizo 90, karibu 59 ni riba. Zinazokata deni ni 31. Mwaka mzima na nusu nimetwanga maji kwenye kinu, na kila mwezi nilijiona mlipaji mzuri kwa kuwa sikuchelewa hata siku moja.

Deni hili lilianza Aprili 2023, baba alipofariki. Nilinunua tiketi usiku ule ule kwa bei ya mtu asiye na la kufanya. Nilipofika Tanga nikatoa pesa taslimu kwa kadi hiyo hiyo kwenye mashine, ya hitma na ya wageni, bila kujua kwamba kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo kuna ada yake na riba inaanza siku ile ile, haingoji mwisho wa mwezi. Kadi nyeusi niliichukua baadaye: arobaini, friji ya mama, ada ya chuo ya mtoto wa kaka. Sijutii hata senti iliyomzika baba. Kinachoniuma ni kuwa hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho familia yangu haijawahi kukiona. Ada ipo kila mwaka. Misiba ipo. Mimi sikuwa nimeviwekea mahali, basi mahali pake pakawa kadi.

Na neno lenyewe ni riba. Nimekulia madrasani, najua nilichofundishwa juu ya riba. Nataka kutoka humu.

12 Januari

Nyumbani Ngamiani, Tanga, baba alikuwa na kibubu cha mbao, amekipigilia misumari pande zote, na juu kuna tundu jembamba la kupitisha sarafu. Fundi alikitengeneza kwa mabaki ya mvule, kizito hata kikiwa kitupu. Kilivunjwa mara moja kwa mwaka, siku mbili kabla ya Idi, kwa patasi, na sisi watoto tumekaa chini kwenye jamvi tukisubiri zile sarafu zimwagike. Hakikuvunjwa kwa shida nyingine yoyote. Shida nyingine zilikuwa na mahali pake.

Benki za simu za huku zina kitu kinachofanana na kibubu. Monzo na Starling, kwa mfano, zinakuruhusu kuigawa akaunti yako mafungu, kila fungu na jina lake, na pesa iliyomo haionekani kwenye salio la matumizi. Nimechagua mafungu ya kawaida yasiyolipa riba. Nimefungua vinne: Nyumbani, Tiketi, Sikukuu, Dharura.

Mshahara wangu kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, pamoja na zamu za usiku, ni kama pauni 1,765 baada ya makato. Kodi ya nyumba 725. Kodi ya manispaa 112, na hiyo ni baada ya punguzo la robo wanalopewa wanaoishi peke yao. Gesi na umeme 90, mita ya kulipia kabla, kama luku. Maji 28, chakula 200, basi 72, simu na intaneti 38. Zinabaki 500. Vibubu nitavipa 240: Nyumbani 130, Tiketi 50, Dharura 35, Sikukuu 25. Kadi zitapata 260: bluu 90 yake ya lazima, nyeusi 170 kwa kuwa riba yake ndiyo kali zaidi.

Nilipiga simu pia StepChange, shirika la hisani linaloshauri wenye madeni bila malipo. Mama aliyenihudumia alipitia hesabu hizi mstari kwa mstari, akasema kwa kuwa ninaweza kulipa zaidi ya kiwango cha chini sihitaji mpango rasmi. Alinisikiliza bila kuniharakisha. Nilipokata simu nililia kidogo, na kazi ikaanza.

Kadi zote mbili nimezifuta kwenye simu, nimezitia kwenye bahasha, bahasha iko chini ya kanga kwenye sanduku.

28 Januari
Bluu 3,109. Nyeusi 1,593. Jumla 4,702.

Malipo ya kwanza. Nimetoka kazini saa moja na nusu asubuhi, nikahamisha kila kitu nikiwa kituo cha basi kabla sijanunua hata chai.

Mwenzangu wa zamu, dada wa Mombasa aliyesomea uhasibu, ameiangalia karatasi yangu akanambia, “Dada, hapa wajidhulumu. Wawekaje 240 kwenye vibubu visivyozaa kitu, na huku kadi yakula asilimia 34? Zitie zote kwenye kadi.” Kwa hesabu tupu ana haki, na nimeipiga mwenyewe: kila pauni 100 ninayoiacha kwenye kibubu badala ya kuitia kwenye kadi nyeusi inanigharimu pauni mbili na nusu kwa mwezi. Lakini 2024 nilifanya kama anavyosema, mara mbili. Mwezi wa pili nilitia pauni 400 kwa mkupuo. Wa tatu mama akaugua, sina kitu, nikachukua 450 kwenye kadi ile ile. Mwezi wa tisa ikawa hivyo tena. Pauni mbili na nusu nitazilipa. Ninanunua uhakika kwamba nikipigiwa simu na Tanga mkono wangu hauendi kwenye sanduku.

28 Februari
Jumla 4,428.

Jambo dogo ambalo sikuwahi kulitumia: kodi ya manispaa hulipwa kwa awamu kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi hakuna malipo. Miaka yote hiyo miezi miwili ilipita kama mingine na pesa ikapotelea sokoni. Safari hii zile 112 zimekwenda moja kwa moja kwenye kadi nyeusi, na Machi zitakwenda tena. Kwa mwenye deni hapa Uingereza anayelipa kwa awamu kumi, huu ndio mfuko wa kwanza wa kuutafuta.

31 Machi
Jumla 4,148.

Idi njema. Kibubu cha Sikukuu kilikuwa na pauni 75. Zaka ya fitri, kitambaa cha mama, na biriani tuliyopika watu sita kwa mchango. Zimebaki pauni 9. Sijadaiwa.

28 Aprili
Bluu 3,011. Nyeusi 902. Jumla 3,913.

Kima cha chini cha mshahara kimepanda hadi pauni 12.21 kwa saa. Mkononi imenizidishia 78, kodi ya manispaa nayo imepanda kwa sita, kwa hiyo 72. Sitini nimeipa kadi nyeusi, kumi na mbili nimeipa Dharura. Nimefanya hivyo siku ile ile kabla sijaizoea ile pesa.

17 Mei

Leo ndiyo siku niliyokuwa naifanyia kazi tangu Januari, na nataka kuiandika yote.

Mama alipiga saa kumi na mbili asubuhi. Akinipigia saa hiyo moyo unanishuka. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, umeamkaje?” Akauliza kazi, akauliza baridi, akauliza kama nakula. Mama haanzi na shida. Mwisho akasema masika yameondoa bati za jikoni, upande wa mwembe, usiku wa juzi amelala na masufuria yanakinga maji, na unga umeloa. Kaka ameshaita fundi. Bati kumi na mbili, mbao tatu, misumari, ufundi: shilingi 490,000.

Nilifungua simu nikiwa bado naongea naye. Kibubu cha Nyumbani: pauni 200. Kila mwezi natia 130, themanini ni za matumizi ya mama, hamsini zinabaki. Miezi minne, mia mbili. Bati zote na fundi wake ni kama pauni 140.

Nikamwambia, “Mama, ipo. Natuma sasa hivi.” Akanyamaza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Hukopi?” Sikujua kwamba anajua. Kumbe kaka alimwambia tangu arobaini, na mama muda wote huo akiomba kitu anajua natoa wapi, anaomba kwa sababu hana pa kwenda kwingine, na roho inamsuta. Nikamwambia sikopi, nimeweka. Nikamweleza vile vibubu, kimoja kimoja, na majina yake. Akacheka, akasema, “Sasa cha baba yako kimekufuata huko.”

Kaka alinitumia picha jioni. Bati mpya zinang'aa mpaka paa lililobaki linaonekana kama la nyumba nyingine. Pauni 60 zimebaki kibubuni. Kadi haikuguswa.

28 Mei
Jumla 3,672.

19 Juni

Jino. Linahitaji kofia ya jino, na kwa daktari wa meno wa NHS, huduma ya afya ya serikali, hiyo ni daraja la tatu la malipo, pauni 326.70. Dharura ilikuwa na 199. Zilizopungua, pauni 127.70, nimezitoa Tiketi. Kutoa pesa kwenye kibubu cha safari kunauma kuliko jino, lakini nimeandika pale pale kwenye daftari: Dharura ya kiasi cha mwezi mmoja wa chakula haitoshi, madeni yakishakwisha Dharura itapandishwa.

28 Juni
Jumla 3,425.

11 Julai

Kazini kuna bibi wa Kigujarati aliyekuja kutoka Jinja mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda. Leicester imejaa familia hizo. Kiingereza chake kinapotea siku baada ya siku, lakini Kiswahili kimebaki, Kiswahili cha jikoni na cha dukani, na mimi ndiye ninayekielewa katika zamu ya usiku. Ananiita mtoto, namwita bibi.

Jana hakupata usingizi. Nilikuwa namkata kucha na kumsimulia bati za mama, na kibubu. Akanishika mkono. Mama mkwe wake, alisema, alikuwa na mikebe ya majani ya chai juu ya kabati, na kwa kuwa hakujua kusoma, kila mkebe aliufunga uzi wa rangi yake. Kijani ya duka. Manjano ya shule. Nyekundu ya harusi. “Na nyeupe?” nikauliza, kwa kuwa alikuwa amenyamaza huku kidole chake kinazungusha uzi usioonekana. “Nyeupe ya mtu kufa,” akasema. “Ile haguswi. Hata mtoto analia, haguswi.”

Nimelifikiria hilo basi zima mpaka nyumbani. Nimefungua vibubu vinne na hakuna cha msiba, mimi ambaye deni langu lote limeanzia kaburini kwa baba. Niliogopa kuliandika hilo neno kwenye simu, kana kwamba kuliandika ni kuliita. Mwanamke yule wa Jinja hakuogopa. Alilifunga uzi mweupe akaliweka juu ya kabati pamoja na mengine.

Sikukuu nimeipunguza hadi 15. Kumi zinakwenda kwenye kibubu cha tano. Nimekiita Msiba.

28 Julai
Bluu 2,908. Nyeusi 264. Jumla 3,172.

16 Agosti

Wiki iliyopita nilikosea, na ninaandika kwa sababu kosa lenyewe lina fundisho la kazi hii.

Binamu yangu anaolewa. Kundi la WhatsApp la familia linaweka orodha ya michango, jina na kiasi, na kila anayelipa anawekewa alama ya tiki. Saa sita za usiku, nimechoka, nimeona jina langu halina tiki na chini yake shangazi ameandika, “Wa Ulaya tunawasubiri.” Mchango na sare, pauni 145. Nilifungua sanduku, nikatoa kadi nyeusi kwenye bahasha, nikalipa.

Sasa sikia. Kibubu cha Nyumbani siku ile kilikuwa na pauni 210. Pesa ilikuwepo! Sikuichukua kwa kuwa moyoni nilikuwa nimeshaiweka kwa ajili ya ada ya Januari ya mtoto wa kaka, na kibubu kilivyokuwa kinajaa nikaanza kukionea fahari, sitaki kukiona kikipungua. Yaani nililinda pesa isiyozaa kitu kwa kukopa kwa asilimia 34.9. Kibubu cha baba kilikuwa kizuri kwa sababu kilivunjwa siku yake ilipofika.

Leo asubuhi nimetoa 145 Nyumbani nimezilipa kwenye kadi. Zimebaki 65. Kadi nyeusi nimeikata kwa mkasi. Na shangazi nimempigia simu, sikumwandikia. “Shikamoo shangazi.” Nikamweleza kwamba nina deni tangu msiba wa kaka yake, kiasi gani, na kwamba mchango wangu wa harusi yoyote kuanzia sasa ni pauni 40 nitakazozitoa mwezi kabla. Shangazi ni mtu wa maneno mengi lakini hapo alipungukiwa. Mwisho akasema, “Mbona hukusema, mwanangu? Sisi tunaona picha tu.” Kweli, picha nilizituma mimi.

Kwa wenzangu tulio huku, hili nalisema kwa nguvu zote: kaa na mtu mmoja wa nyumbani umtajie namba. Usiishie kusema maisha ni magumu, kwa kuwa kila mtu anasema hivyo na hakuna anayelisikia tena. Taja namba. Tangu nimtajie shangazi, na mama akishajua, maombi hayajakoma wala sikutaka yakome, ila sasa yanakuja mapema. Kaka ameniambia ada ya Januari leo, Agosti, na amesema nusu atatoa yeye.

28 Agosti
Bluu 2,873. Nyeusi 41. Jumla 2,914.

28 Septemba
Bluu 2,648. Nyeusi 0.

Sifuri. Nimepiga simu kuifunga kabisa akaunti. Kijana wa upande wa pili alinipa sababu tatu za kuiacha wazi na nikamjibu tatu zote hapana, asante. Zile 230 zilizokuwa zake sasa zote ni za bluu.

6 Oktoba

Benki nyingine imenikubalia kadi ya kuhamishia deni: miezi 15 bila riba, ada ya asilimia 3, kikomo pauni 2,700. Januari niliomba kama hii wakanikataa.

Nimeipima siku tatu. Nikiliacha deni la 2,648 kwenye bluu kwa kasi ya 320 kwa mwezi, litaniletea riba ya zaidi ya pauni 200 mpaka liishe. Nikihamisha 2,400, ada ni 72 na mlango wa riba unafungwa. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, kadi mpya ni mkopo mpya, na ukinunua kitu kwayo unarudi pale pale. Kwa hiyo nimeihamishia deni bila kuitia kwenye simu, na yenyewe imekwenda sandukuni siku iliyofika. Ya pili, ukichelewa kulipa mara moja wanaweza kukuondolea ile sifuri, basi nimeweka malipo ya moja kwa moja tarehe 28.

28 Oktoba
Bluu 0. Kadi mpya 2,410.

Masalio ya bluu yamekwisha leo, na riba yake ya siku za mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili 2023 hakuna deni langu linalozaa usiku nikiwa nimelala.

28 Desemba
Jumla 1,770.

Krismasi nimefanya zamu mbili za malipo ya ziada. Bibi wa Jinja alikuwa macho saa tisa za usiku akaniuliza kama uzi mweupe umeshaufunga. Nilidhani amesahau. Nikamwonyesha simu, neno Msiba, pauni 60. Akaipapasa skrini kwa kidole.

28 Januari 2026
Jumla 1,450.

Ada ya chuo imelipwa tarehe 9: nusu ya kaka, nusu Nyumbani. Kibubu kimebaki na pauni 85.

Mwaka mmoja tangu malipo ya kwanza. Februari na Machi hakuna kodi ya manispaa, kwa hiyo kila mwezi 438. Aprili 320. Mei ni masalio, pauni 254, na hapo limekwisha.

Tiketi ina pauni 522. Nimeangalia bei za kwenda Dar es Salaam: Julai na Desemba hazishikiki, mwanzoni mwa Juni kuna ya 560. Nimemwambia mama. Akasema vizuri, masika yatakuwa yamepita, barabara ya makaburini haitakuwa na tope, na jiwe la baba lipo tangu mwaka juzi linasubiri mimi nifike ndipo lisimikwe. Kisha akauliza nitakuja na nini. Nikamwambia safari hii nakuja na begi tu, mama, hakuna aliyekufa. Za tiketi zimepungua pauni 38.